VAVILOV: MTU ALIYEKUSANYA MBEGU ZA DUNIA NZIMA, KISHA AKAFA NJAA GEREZANI

Wadau, leo tuweke siasa na mpira pembeni kidogo. Nawaletea historia ya mtu ambaye wengi wetu hatukumsikia shuleni, hata kwenye baiolojia, ingawa mambo aliyoyafikiria yanahusu kila tikiti tunalopasua na kila chungwa tunalomenya. Anaitwa Nikolai Ivanovich Vavilov, Mrusi. Alitembea nchi zaidi ya 50 akitafuta mbegu ili watu wasife njaa. Mwisho wa yote akafa yeye kwa njaa, tena gerezani, akiwa na miaka 55.

Kuna mtu atauliza, Mrusi wa zamani anatuhusu nini sisi wa Handeni na Korogwe? Anatuhusu sana. Ukitoka Korogwe kwenda Handeni unapita Sindeni. Huku watu wanaishi kwa shamba. Mahindi, muhogo, na machungwa ambayo mkoa wetu wa Tanga unasifika kwayo. Matikiti nayo yamewavuta vijana wengi nchini, maana yanatoka haraka na hela unaiona. Mnunuzi akija hakuulizi umesoma hadi darasa la ngapi. Anachotaka kujua ni kama tunda ni tamu. Tunda likiwa kali au limepooza, umeumia.

Sasa huo utamu umetoka wapi? Usidhani Mungu aliumba tikiti likiwa jekundu na sukari tele vile. Matunda mengi ya porini ni madogo, makali, machungu au hayana ladha yoyote. Kuna watu waliyachagua kidogo kidogo kwa maelfu ya miaka. Vavilov ndiye aliyetaka kujua walikuwa wapi, walichagua nini, na kile walichokiacha nyuma kiko wapi.

ALIKOTOKEA

Alizaliwa Moscow mwaka 1887. Baba yake alitoka kijijini, familia ya kimaskini, akaenda mjini na kupambana mpaka akawa mfanyabiashara wa vitambaa mwenye uwezo. Kwa hiyo dogo alikua anakula vizuri, lakini nyumbani habari za njaa zilikuwa zinajulikana. Urusi ya wakati ule njaa ilikuwa inarudi rudi. Mvua ikikosa mwaka mmoja tu, vijiji vinazikana.

Kaka mtu akachagua kilimo. Mdogo wake Sergey akaenda kwenye fizikia. Mkumbukeni huyo Sergey, tutarudi kwake. Nikolai akasoma chuo cha kilimo hapo Moscow, na kazi yake ya kumaliza masomo ilihusu konokono wanaoharibu mazao. Ndiyo, konokono. Wakubwa wengi wanaanzia kwenye vitu vidogo.

Mwaka 1913 akaenda Uingereza kusoma kwa William Bateson, yule aliyeipa elimu ya kurithi tabia jina la jenetiki mwaka 1905. Hapo ndipo Vavilov alipoishika vizuri hoja ya jeni. Kwamba tabia ya mmea, iwe urefu, rangi, utamu au kuhimili ugonjwa, inabebwa ndani ya mbegu na inapita kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto kwa utaratibu unaoeleweka. Kama ni hivyo, unaweza kuchukua tabia nzuri ya mmea huu ukaihamishia kwenye ule kwa kuzichavusha. Lakini lazima kwanza uwe na hiyo mimea mkononi. Mtu hawezi kupika asichokuwa nacho jikoni.

SHERIA YAKE

Mwaka 1917 akawa profesa Saratov, mji ulio kando ya mto Volga. Mwaka 1920, akiwa na miaka 32 tu, akatoa hoja iliyowashtua wenzake mpaka wakamlinganisha na Mendeleev, yule wa jedwali la elementi mlilokariri kidato cha pili.

Hoja yenyewe ni rahisi. Mimea ya ukoo mmoja hubadilika kwa mitindo ileile. Ukikuta ngano yenye tabia fulani, nenda katafute tabia hiyohiyo kwa ndugu zake. Utaipata, au kama bado hujaipata, iko mahali fulani inakusubiri. Kama familia ya watu tu. Ukiona pua fulani kwa mjomba, usishangae kuikuta kwa binamu aliyezaliwa mkoa mwingine.

Mwaka uliofuata, 1921, njaa kubwa ikaipiga bonde la Volga. Watu wanaokadiriwa kufika milioni 5 walikufa nchini. Vavilov alikuwa ameishi hukohuko. Kuanzia hapo, kukusanya mbegu kwake hakukuwa mambo ya makaratasi ya chuo tena. Akapewa kuongoza ofisi ya mimea mjini Petrograd, mji uliokuja kuitwa Leningrad, na akaigeuza kuwa ghala kubwa la mbegu kuliko yote duniani kwa wakati huo.

SAFARI

Jamaa alikuwa hatulii. Iran na milima ya Pamir mwaka 1916. Afghanistan mwaka 1924. Kisha nchi karibu zote zinazozunguka bahari ya Mediterania. Baadaye China magharibi, Japani, Korea, Mexico, Peru, na nyingine nyingi. Alikuwa anaongea lugha nyingi na analala saa chache. Akifika mahali anakwenda sokoni na mashambani, anakaa na wakulima, ananunua, anaomba, anafunga kwenye vifuko na kuandika.

Afrika Mashariki alifika pia. Mwishoni mwa 1926 aliingia Uhabeshi, yaani Ethiopia ya leo, akaonana na Ras Tafari, ambaye baadaye alikuwa mfalme Haile Selassie. Akapata kibali, akakodi msafara wa nyumbu wa kubebea mizigo, akakata milima kutoka Addis Ababa mpaka Eritrea, safari iliyoishia mwaka 1927. Aliyoyakuta kule yalimshangaza. Ngano na shayiri za aina nyingi kwenye eneo dogo, teff ambayo nchi nyingine hawaijui, na kahawa iko kwao. Huku kwetu Tanganyika hakufika, ingawa Amani, hapo juu Usambara, tayari kulikuwa na kituo cha utafiti tangu 1902, chenye bustani ya miti iliyoletwa kutoka pande nyingi za dunia.

Kutokana na safari hizi akaandika kwamba mazao hayakuanzia popote popote. Yana nyumbani kwao, maeneo machache yenye milima na kilimo cha kale, na huko ndiko utakuta aina nyingi zaidi. Ethiopia aliihesabu kuwa moja ya nyumbani hapo.

Kwenye matunda, safari ya mwaka 1929 ndiyo ya kukumbukwa. Akitokea China aliingia mji wa Alma-Ata, Kazakhstan, akakuta misitu mizima ya matufaha ya mwituni, yale mnayoita epo. Mengine madogo na makali, mengine makubwa yanakaribia yale ya dukani. Akasema hapa ndipo tufaha lilipotokea. Mwaka 2010 wanasayansi walipoisoma jenomu ya tufaha walithibitisha kwamba mzazi wake mkuu ni huyohuyo wa misitu ya Asia ya Kati. Miaka 81 baadaye! Na yeye alitumia macho na miguu tu.

TURUDI KWENYE TIKITI

Hapa naomba utulivu kidogo, maana ndipo penye utamu wenyewe.

Sukari ya tunda haitengenezwi ndani ya tunda. Inatengenezwa kwenye majani kwa mwanga wa jua, halafu inasafirishwa kwa mirija midogo kwenda kwenye tunda. Kwenye ukoo wa matikiti, matango na maboga, sukari hiyo husafiri ikiwa imefungwa kwenye vipande vikubwa, kama mzigo uliofungwa kwenye lumbesa. Ikifika kwenye tunda lazima ifunguliwe, ipitishwe mlangoni, halafu iwekwe stoo.

Tikiti tamu lina jeni zinazofanya kazi hizo tatu kwa nguvu. Moja, wataalamu wameipa jina ClAGA2, inakata vile vipande vikubwa. Ya pili, ClSWEET3, inaingiza sukari ndani ya seli. Ya tatu, ClTST2, inaisukuma kwenye kifuko cha maji kilicho ndani ya seli, ambacho ndicho stoo yenyewe. Kwenye matikiti ya porini jeni hizi zipo, ila kwenye tunda zimelala. Sukari inafika mlangoni, haiingii. Watu wa zamani bila kujua neno jeni walikuwa wanaonja, wanatunza mbegu za lile lililo tamu zaidi, wanapanda, wanaonja tena. Kwa kufanya hivyo walikuwa wanazichagua jeni zilizoamka. Kazi hizi za utafiti zilichapishwa kati ya 2018 na 2021.

Na uchungu je? Kuna jeni nyingine inayowasha sumu chungu inayolilinda tunda lisiliwe. Kwenye tikiti la shambani jeni hiyo imeharibika kwa kosa dogo kwenye herufi zake. Kosa hilo kwa mmea wa porini lingekuwa balaa. Kwetu sisi likawa neema.

Tikiti lenyewe ni la Afrika, wadau. Mwaka 2021 wanasayansi walionyesha kwamba ndugu yake wa karibu kuliko wote ni tikiti la Kordofan, Sudan, lenye nyama nyeupe isiyo chungu. Mbegu za matikiti zimekutwa hata kwenye kaburi la Farao Tutankhamun, aliyekufa zaidi ya miaka 3,300 iliyopita. Kwa hiyo mtu akikwambia Mwafrika hakugundua kitu, mpe kipande cha tikiti.

Sasa ona hoja ya Vavilov inavyorudi. Jeni ya stoo iliyokutwa kwenye tikiti, nduguye yupo kwenye timilili, na anafanya kazi hiyohiyo ya kujaza sukari. Hata kwenye kiazisukari cha Ulaya, mmea ambao si wa ukoo huo kabisa, jeni ya kundi hilo ndiyo inayojaza sukari kwenye mzizi. Mitindo ileile, kwa mimea tofauti. Jamaa alisema tangu 1920, wakati hakuna mtu aliyejua DNA ina umbo gani.

KIJICHO NA SIASA

Tatizo lilianza alipotokea mtu anayeitwa Trofim Lysenko. Mtoto wa wakulima wa Ukraine, hakuwa na elimu kubwa, lakini mdomo alikuwa nao. Alidai kwamba ukiloweka mbegu na kuziweka kwenye baridi unaweza kuzibadilisha tabia, na mabadiliko hayo yatarithiwa. Jeni kwake zilikuwa hadithi za mabepari. Vavilov mwanzoni alimtia moyo kama mtaalamu kijana. Shukrani ya punda ni mateke.

Stalin alitaka mavuno sasa hivi. Mashamba yalikuwa yamelazimishwa kuwa ya ujima, na mwaka 1932 na 1933 mamilioni walikufa njaa. Vavilov alikuwa anasema ukweli, kwamba kuzalisha mbegu bora kunachukua miaka. Lysenko alikuwa anaahidi misimu michache. Mnajua siku zote nani anapigiwa makofi mkutanoni. Mwaka 1938 Lysenko akawa mkuu wa Chuo cha Sayansi za Kilimo cha nchi nzima, kiti ambacho Vavilov ndiye aliyekuwa wa kwanza kukikalia. Wenzake Vavilov wakaanza kukamatwa mmoja mmoja. Yeye hakugeuka. Angeweza kuikana jenetiki akaendelea kula mshahara. Hakufanya hivyo.

Tarehe 6 Agosti 1940 alikuwa magharibi mwa Ukraine, yuko porini anakusanya mimea kama kawaida yake. Ikaja gari, watu wakamwita, akaondoka nao. Hakurudi. Akahojiwa miezi na miezi, akabambikiwa ujasusi na hujuma, na Julai 1941 akahukumiwa kifo. Mwaka uliofuata hukumu ikabadilishwa kuwa kifungo cha miaka 20. Wafungwa waliotoka hai walieleza kwamba hata kwenye selo ya waliohukumiwa kufa alikuwa anawafundisha wenzake masomo ya mimea na jenetiki.

Gereza lenyewe lilikuwa Saratov, mji uleule alikotoa sheria yake akiwa kijana. Mkewe na mtoto wao walikuwa wamekimbilia mji huohuo kwa sababu ya vita, na hawakujua kwamba yuko hapo karibu. Wao walidhani yuko Moscow, vifurushi vya chakula wakawa wanatuma huko. Tarehe 26 Januari 1943 akafa, amedhoofu kwa njaa. Akazikwa kaburi la pamoja.

WALIOBAKI NA GHALA

Wakati huo kule Leningrad Wajerumani walikuwa wameuzingira mji tangu Septemba 1941. Mzingiro ule ulidumu siku zaidi ya 870 na watu mamia ya maelfu walikufa kwa njaa. Ndani ya taasisi ya Vavilov kulikuwa na sampuli zaidi ya 180,000. Mchele, ngano, karanga, viazi, maharage. Chakula kitupu!

Wafanyakazi walilinda zamu. Walipambana na panya, baridi na watu wenye njaa. Wao wenyewe hawakula. Dmitri Ivanov, mtaalamu wa mpunga, alikufa njaa akiwa amezungukwa na mifuko ya mchele. Alexander Shchukin, mtaalamu wa karanga, alifia kazini. Wapo na wengine. Bosi wao alikuwa ameshafungwa kama adui wa taifa, hakuna ambaye angewalaumu kama wangekula. Lakini walijua kwamba mbegu ile ikiliwa, vita vikiisha hakuna cha kupanda, na aina nyingine zilikuwa zimeshapotea kule zilikotoka.

Mwaka 1945 yule mdogo mtu, Sergey, akateuliwa rais wa Chuo cha Sayansi cha nchi nzima, akimtumikia Stalin yuleyule ambaye utawala wake ulimwua kaka yake. Jenetiki ikapigwa marufuku rasmi mwaka 1948. Nikolai akasafishwa jina mwaka 1955, Lysenko akaanguka miaka ya katikati ya 60, na taasisi ya mbegu leo ina jina la Vavilov. Bado hawajatulia lakini. Mwaka 2010 shamba lao la matunda la Pavlovsk lilitaka kugeuzwa viwanja vya nyumba. Wanasayansi duniani wakapiga kelele mpaka mpango ukasimama. Kumbe mambo ya viwanja si ya kwetu tu.

SINDENI INAHUSIKA VIPI

Mche wa mchungwa wa kubebesha hauna tofauti na mama yake. Kikonyo kinatoka kwenye mti mtamu, kinabebeshwa kwenye mlimao, na utamu unabaki uleule. Hiyo ni faida. Hasara ni kwamba shamba zima ni kama mti mmoja ulionakiliwa. Ugonjwa ukiuweza mmoja, umeiweza yote.

Na ugonjwa upo. Unaitwa ugonjwa wa kijani. Bakteria wanaingia kwenye ile mirija ya sukari na kuiziba. Majani yanatengeneza sukari ila haifiki. Chungwa linabaki dogo, la kijani, chungu. Florida, Marekani, ugonjwa huu ulipogunduliwa mwaka 2005 ulianza kushusha mavuno, na ndani ya miaka chini ya 20 yakaanguka kwa zaidi ya asilimia 80. Afrika tuna aina yetu ya ugonjwa huo ya siku nyingi, na mwaka 2016 wataalamu waliripoti kwamba mdudu anayeeneza ule wa Asia ameshaonekana Tanzania. Mtu wa Sindeni, Korogwe au Muheza anayesomesha watoto kwa machungwa, hili linamgusa mfukoni moja kwa moja.

Dawa wanaitafuta wapi? Kwenye ndimu ya mwituni ya Australia, tunda dogo lenye umbo la kidole, ambalo linauhimili. Vivyo hivyo nyanya. Mwaka 2004 watafiti wa Israel walionyesha jinsi jeni moja ya nyanya pori ya Peru, ndogo na ya kijani, inavyoongeza sukari kwenye nyanya ya kawaida. Na Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, waliliokoa tikiti dhidi ya mnyauko kwa kulichavusha na nduguye mgumu asiye na utamu, mwenye asili ya Afrika. Kile unachokiona takataka ya porini ndicho akiba.

Kwa hiyo vitango pori vyenye miiba vinavyotambaa vichakani, mung'unye wa bibi, mahindi ya asili ambayo mzee wako bado anafunga darini juu ya moshi, usivicheke. Mbegu chotara ya dukani ni nzuri na inalipa, ila ukirudia kupanda mbegu za tunda lake, watoto hawafanani na mama. Nunua, lima, pata hela. Lakini ile ya bibi usiitupe. Arusha kuna benki ya taifa ya mbegu, na mbegu za wakulima zinahitajika kule. Hata hivyo benki ya kwanza ni ile ya jikoni kwa bibi, na ikifungwa siku bibi akifa, hakuna Vavilov mwingine atakayekuja na nyumbu kuitafuta.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Kwenu kuna mbegu gani ya zamani ambayo bado inapandwa? Na ipi mliwahi kuila mkiwa watoto, siku hizi hamuioni tena? Tajeni jina kwa Kizigua, Kisambaa au Kibondei kama mnalijua, na mtaje kijiji. Karibuni kwenye maoni, matusi hapana.